"Si wanichome yote leo nirudi Uyole?"

Shangazi aliniuliza hivyo tukiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kadi yake imejaa tarehe za mionzi za wiki tano na mahindi nyumbani yanangoja palizi. Wengi kwetu Mbeya huwaza kama yeye: mionzi ni jumla tu, kuigawa ni kumtesa mgonjwa kwa nauli na gharama za kulala mjini.

Sivyo. Grei ndiyo kipimo cha dozi ya mionzi. Grei 50 zikigawanywa mara 25, grei 2 kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, mwili huzistahimili. Zikipigwa zote kwa mkupuo, nyama ya sehemu ile inakufa. Kati ya dozi na dozi seli zenye afya huziba majeraha yake, na sehemu kubwa ya ukarabati huo hufanyika ndani ya saa chache. Seli nyingi za saratani haziwezi kujikarabati vizuri hivyo. Mjini Paris, miaka ya 1920, mtafiti Mfaransa Claudius Regaud alijaribu kuhasi kondoo dume kwa mionzi. Kwa dozi moja kubwa, ngozi ya korodani iliharibika vibaya. Alipoigawa kwa wiki kadhaa, dume alihasika na ngozi ikasalimika.

"Kumbe kama mbolea," shangazi akasema. "Ukimwaga mfuko wote siku moja, mahindi yanaungua."

Dhana nyingine inanitisha zaidi: ngozi haijababuka, basi ndani kuko salama. Ngozi na utando wa utumbo huonyesha madhara mapema kwa kuwa seli zake hugawanyika upesi. Figo na uti wa mgongo hukaa kimya miezi, hata miaka. Na hizo kimya ndizo zisizovumilia dozi nene: jumla ikibaki ile ile lakini kipimo cha kila siku kikapanda, uti wa mgongo huumia kuliko ngozi. Ndiyo maana, kwa grei 2 kwa siku, madaktari huulinda usipokee jumla inayopita grei 45 hadi 50.

Wapo pia wanaoruka wiki "mwili upumzike". Uvimbe nao unapumzika, tena unaota upya. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, tiba nzima hutakiwa iishe ndani ya wiki nane.

Na ukimwona mgonjwa wa saratani ya matiti anamaliza kwa siku 15, usidhani kapunjwa. Grei 40 kwa mara 15 ni ratiba iliyopimwa Uingereza kwa maelfu ya wanawake: kila dozi imeongezwa kidogo, jumla ikapunguzwa.

Shangazi alimpigia simu mwanawe atafute kibarua wa kupalilia.