"Subiri kidogo, bei itashuka": dhana potofu kuhusu wakati wa kununua vipuri vya kompyuta ya gemu

Kijana wa Kampala akishaweka akiba akitaka kujiundia kompyuta ya gemu, washauri hawakosekani. Karibu wote wanaanza na neno moja: subiri. Subiri Novemba. Subiri kadi mpya za michoro zitoke. Subiri dola ishuke. Wachache wanamwambia kinyume chake: anza leo, nunua kipande kimoja kila mwisho wa mwezi. Pande zote mbili zina watu waliopoteza pesa, na mara nyingi pesa yenyewe ni ya vibarua na ya kujinyima. Ndiyo maana nataka tuzipitie dhana hizi moja moja, kwa bei na tarehe zinazojulikana.

"Vipuri vya kompyuta hushuka bei tu. Ukingoja hupotezi kitu."

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo inayoumiza wengi. Ni kweli kwamba ukichukua miaka kumi au ishirini, shilingi ileile inakununulia kumbukumbu na kasi zaidi. Lakini wewe hununui kwa miaka ishirini. Unanunua ndani ya miezi mitatu au minne, na ndani ya kipindi kifupi kama hicho bei hupanda kama inavyoshuka.

Mwaka 2011 mafuriko yalizamisha viwanda vya Thailand vilivyokuwa vikitengeneza sehemu kubwa ya diski kuu za dunia, na bei ya diski ikapaa ndani ya wiki chache. Kati ya 2020 na 2022, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikomba kadi za michoro, vile vipuri vinavyochora picha za gemu kwenye skrini. RTX 3080, kadi ya kampuni ya Nvidia, ilitangazwa Septemba 2020 kwa dola 699, lakini kuipata kwa bei hiyo ilikuwa bahati nasibu. Hali ililegea mwaka 2022 bei za sarafu zilipoporomoka, na tarehe 15 Septemba mwaka huo Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ikabadili mfumo wake hata kadi za michoro hazikuhitajika tena kuichimba.

Kisha ikaja zamu ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Pakiti ya GB 32 za DDR5, toleo jipya la RAM, iliyokuwa karibu dola 100 kule Marekani katikati ya 2025 ilivuka dola 300 kabla ya mwaka kwisha. Sababu yake inaeleweka. Sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani inatoka kwa kampuni tatu tu: Samsung, SK Hynix na Micron. Vituo vya data vya akili mnemba vikawa vinanunua kumbukumbu kwa pupa na kwa bei nzuri, basi viwanda vikaelekea huko. Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo wengi wetu tulilizoea kwenye RAM na SSD (diski za kasi) za bei nafuu. Wala DDR4 ya zamani haikuwa kimbilio, kwa sababu viwanda vilikuwa vinaipunguza na bei yake ikapanda pia.

Aliyeambiwa "ngoja Krismasi" mwaka ule alilipia RAM bei mara tatu. Subira huvuta heri, lakini lazima ujue unasubiri nini. Kiwanda kipya cha chipu hujengwa kwa miaka, kwa hiyo upungufu wa aina hii hauishi kwa kungoja mwezi mmoja.

Jambo jingine ni la hapa nyumbani. Mwenye duka wa Kampala Road hapangi bei kwa kuangalia alichonunulia tu. Anaangalia pia atakachonunulia mzigo ujao. Akisikia bei imepanda Dubai, hata kilichoko rafuni kinapanda asubuhi ile ile. Bei ikishuka huko, huku inachukua muda, maana mzigo wa zamani lazima uishe kwanza na yeye asile hasara. Anayengoja ashushiwe anapaswa kulikumbuka hilo.

"Kadi mpya zikitoka, za zamani zitauzwa bei ya kutupa."

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini kiwanda huacha kutengeneza toleo la zamani kabla jipya halijafika, na kilichobaki kinaweza kuadimika badala ya kushuka. RTX 4090 ndivyo ilivyokuwa: mwishoni mwa 2024, huku watu wakingoja mrithi wake, ilipungua madukani na bei ikapanda. RTX 5090 ilipofika Januari 2025, bei yake rasmi ilikuwa dola 1,999, wakati 4090 ilianza kwa 1,599.

Kwenye kadi za watu wa kawaida subira ina faida zaidi. RTX 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299, na RTX 5060 ikatoka Mei 2025 kwa dola 299 zilezile, ikiwa na kasi zaidi. Aliyesubiri wiki chache mwezi ule alifanya vizuri. Ila 4060 haikugeuka ya bure. Aliyesubiri alipata kadi bora kwa bei ileile. Na zote mbili zina GB 8 za kumbukumbu, kiasi ambacho gemu kubwa za sasa zinakimaliza haraka ukiweka michoro ya juu.

Mimi hufuata kanuni hii: kampuni ikishatangaza tarehe na bei, na tarehe iko ndani ya wiki sita, ngoja. Kama ni tetesi za YouTube, nunua. Tena uongeze muda wa kadi kufika Uganda, kwa kuwa siku ya uzinduzi huko Marekani si siku ya kuiona kwenye kabati la kioo hapa kwetu.

Kuwa wa kwanza nako kuna hatari zake. Prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 ziliuzwa kwa wingi kabla haijajulikana kwamba baadhi yake zinaharibika polepole kwa sababu ya volti. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya programu na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Hata hivyo, prosesa ambayo imekwisha kudhurika hairudishwi na programu.

"Black Friday ndiyo siku yenyewe."

Kwa anayeishi Texas, labda. Punguzo la Novemba la Marekani ni la mzigo uliomo kwenye maghala ya kule. Uliopo Kampala ulishapita Mombasa na Malaba, au Entebbe, miezi iliyopita kwa bei ya wakati ule. Mabango utayaona, ila linganisha bei hiyo na ya Septemba katika duka hilohilo kabla ya kufurahi.

"Nunua kipande kimoja kila mwezi, mwishowe utakuwa na mashine nzima."

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ushauri huu hutolewa kwa nia njema na hupendwa na kila mwenye mshahara mdogo. Unaonekana kama akiba. Mwezi huu kasha, ujao ubao mama (bodi inayounganisha vipuri vyote), unaofuata prosesa, na kadi ya michoro mwisho kwa kuwa ndiyo ghali.

Tatizo ni kwamba ubao mama peke yake hauwezi kupimwa. Bila prosesa na RAM hauonyeshi picha yoyote. Ukiuchukua Februari na prosesa ukaipata Juni, Juni ndipo unapojua kama ulinunua kitu kizima. Chukua bodi ya AM5, yaani yenye soketi ya prosesa mpya za AMD. Ukifungua kifuniko cha plastiki cha soketi utaona vijipini vyembamba kama nywele, vimepangwa kwa mamia, vyote vinainamia upande mmoja. Kimoja kikipinda, mwanga wa taa ukipita juu yake unakatika mahali pale, na hiyo ndiyo dalili pekee ya nje. Siku ya kwanza, mbele ya muuzaji, mnaangalia pamoja, na kikiwa kimepinda anakupa nyingine. Baada ya miezi minne atakuambia, "Kaka, wewe ndiye uliyekipinda," na hutakuwa na la kumjibu.

Waranti nayo inaanza kuhesabiwa tarehe ya risiti. Kama duka linatoa mwaka mmoja, na kipuri kimekaa chini ya kitanda miezi mitano, umeshalipia miezi mitano ambayo hukuitumia.

Halafu kuna kupishana kwa vipuri. Anayeanza na RAM ya DDR4 kwa sababu aliikuta nafuu, kisha akabadili mawazo na kuchukua bodi ya AM5, atagundua kwamba haiingii hata kidogo. AM5 inapokea DDR5 tu. Anayenunua B650, aina mojawapo ya bodi za AM5, ya mzigo wa zamani kisha prosesa ya AMD ya Ryzen 9000 anaweza kuwasha na kuona giza mpaka BIOS, programu ya msingi ya bodi, isasishwe. Kasha dogo likishanunuliwa, kadi ndefu haiingii.

Ni afadhali zaidi kuweka pesa yenyewe, si vipuri. Iweke benki au kwenye simu mpaka ifike, kisha nunua ubao mama, prosesa, RAM, pawa saplai na diski siku moja, duka moja kama inawezekana, na uombe viwashwe hapo hapo. Vinavyoweza kutangulia ni vile unavyoweza kuvipima ukifika nyumbani: monita, kibodi, kipanya, hedifoni. Kadi ya michoro inaweza kuja baadaye kama prosesa yako ina michoro ya ndani, kama ilivyo Ryzen 5 8600G. Utacheza gemu nyepesi huku ukiongeza akiba.

Najua hoja ya upande wa pili: pesa ikikaa mkononi inaliwa na shida za ukoo. Ni kweli, na kama wewe ni mtu wa namna hiyo, mpe shangazi akuwekee au jiunge na kikundi cha akiba. Lakini usiifiche pesa ndani ya ubao mama.

"Kuagiza mwenyewe ng'ambo ni nafuu kila mara."

Tupige hesabu ya kadi ya dola 299. Usafiri na bima tuseme ni dola 40, jumla 339. Forodha haikadirii kodi kwa bei ya kadi peke yake, kwa kawaida inakadiria kwa bei ikiwa na usafiri na bima yake. Hata pale ushuru wa forodha ni sifuri, VAT ya asilimia 18 ipo, nayo ni dola 61. Tumefika 400. Tukichukua kiwango cha shilingi 3,600 kwa dola, hiyo ni milioni moja na laki nne na arobaini elfu, kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 6 kwa asiye na msamaha na ada za wakala. Sasa nenda kaulize bei ya duka. Tofauti ikiwa laki moja na nusu, mimi ningechukua ya duka, kwa sababu ikifa nitaibeba kwa boda na kuirudisha siku hiyohiyo. Ya kuagiza utairudisha kwa gharama yako, na huenda waranti yake haitambuliki nje ya nchi iliyouzwa.

Kuhusu dola: maduka mengi ya kompyuta hufikiri kwa dola hata yakikuandikia shilingi, ndiyo maana karatasi ya bei ina siku zake za kuisha. Shilingi ikiwa imara na pesa yako imetimia, hiyo ni sababu nzuri ya kununua wiki hii. Usijaribu kubahatisha mwezi ujao. Na bajeti ya Juni isikutie hofu kwa jumla jumla. Sheria mpya za kodi huanza tarehe 1 Julai. Angalia kama vifaa vya kompyuta vimetajwa, na kama havimo, endelea na mipango yako.

"UPS itakuja baadaye."

Hapana. UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, inunuliwe siku ile ile, hata kama italazimu ushuke daraja moja la kadi. UEDCL, kampuni ya serikali, ilichukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, lakini kukatika na kurudi kwa kishindo bado tunakujua sote. RTX 5060 hutumia hadi wati 145, prosesa ya kati karibu 90. Ongeza bodi, feni, diski na monita, unakaribia 300. UPS ya VA 650 (VA ni kipimo cha ukubwa wake) kwa kawaida hutoa wati 360 hivi, yaani inabeba kwa shida na kukupa dakika chache. Ya VA 1,000 inakuacha upumue.

"Kama huna pesa ya kompyuta mpya, ngoja tu."

Si lazima. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi duniani zikaanza kuondoa mashine zake. Ndizo hizo Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba unazoziona zimepangwa madukani. Chagua yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, maana ndipo orodha rasmi ya Windows 11 inapoanzia kwa Intel, na gemu kama Valorant kwenye Windows 11 zinadai TPM 2.0, chipu ya usalama. Pima nafasi ya ndani kabla ya kutoa pesa: nyembamba zinataka kadi za kimo kidogo, na pawa saplai zake zina plagi za kipekee zisizobadilishwa kirahisi. Kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme inatosha kukuchezesha gemu nyingi za mtandaoni.

Ukifika dukani, mpya au mtumba, muombe fundi aiwashe, afungue gemu au programu ya majaribio, na aiache ikimbie nusu saa huku mkiangalia joto la kadi na la prosesa. Namba ya utambulisho (serial number) ya kila kipuri iandikwe kwenye risiti, pamoja na tarehe ambayo waranti inaisha. Muuzaji akikataa hayo, hamia duka la pili.