Plagi iliyolowa si lazima iwe imekufa

Katika gereji za Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Masasi, pikipiki ya injini ya mipigo miwili inapogoma kuwaka, plagi, yaani kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, hufunguliwa, na ikionekana imelowa, mwenye chombo huambiwa imekufa, akanunue nyingine. Ushauri huo humtia hasara bure, kwa sababu plagi iliyolowa inaeleza jambo moja tu: petroli imefika kwenye silinda lakini haikuungua.

Mara nyingi chanzo ni kupiga kiki mfululizo huku choki (kidude cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi) imevutwa, au chujio la hewa lililozibwa na vumbi. Zima swichi, funga koki ya petroli, rudisha choki, kisha, plagi ikiwa nje, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho na upige kiki mara kadhaa ili petroli iliyojaa itoke. Kausha plagi, uirudishe, ujaribu tena.

Plagi kavu ndiyo inayonitia shaka zaidi. Hapo petroli haifiki, na mara nyingi jeti ya kabureta, yaani tundu dogo linalopitisha petroli, imezibwa na utando wa petroli iliyolala muda mrefu.

Ikiwa petroli inafika na cheche ni kali lakini injini bado haiwaki, kagua sili za krenki, yaani pete za mpira zinazozuia hewa kupenya pembeni mwa mhimili unaozungushwa na pistoni. Katika injini hii mchanganyiko wa petroli, oili na hewa hupitia kwanza chini ya pistoni, ndani ya nyumba ya krenki, ndipo usukumwe kwenda juu. Sili ikichakaa, hewa ya ziada huingia, msukumo hupotea, na plagi mpya haitasaidia chochote.