Chuo kikipoteza ithibati, shahada za zamani hazifutiki zenyewe
Wengi huamini kwamba chuo kikinyang'anywa ithibati, yaani utambuzi rasmi kwamba kinakidhi viwango vya elimu, tuseme kwa wizi wa kitaaluma na uongozi mbovu, vyeti vyote kilivyowahi kutoa hugeuka karatasi tupu. Kwa kawaida sivyo. Ithibati huwa na kipindi chake, na shahada iliyotolewa ndani ya kipindi hicho huendelea kutambuliwa. Kufutiwa shahada ni adhabu nyingine, ya mtu aliyethibitika kudanganya mwenyewe. Anayeumia zaidi, na inasikitisha, ni mwanafunzi aliye katikati ya masomo: vyuo vingine vinaweza kukataa kozi alizokwisha kufaulu. Tafuta orodha rasmi ya mdhibiti wa elimu ya juu, linganisha tarehe za ithibati ya chuo na ile ya cheti chako, kisha omba uthibitisho wa maandishi.