Hong Kong na Tokyo: kilomita zile zile, saa tofauti

Kutoka Hong Kong hadi Tokyo ni kilomita zipatazo 2,900 ukikata moja kwa moja. Abiria wengi hugawa umbali huo kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 kwa saa, wakapata saa tatu na ushei. Mimi kazi yangu ni kupanga njia na mafuta kabla ndege haijaruka, na kwenye safari hii naanza na upepo.

Juu ya Japani, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, unapita mkondo wa upepo utokao magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi, hewa kali ya Siberia inapokutana na hewa ya joto ya kusini, mkondo huo huwa miongoni mwa ile yenye nguvu zaidi duniani. Kuna siku unazidi kilomita 300 kwa saa. Aliyeupima mapema, miaka ya 1920, ni mtaalamu wa hali ya hewa Wasaburo Oishi, kwa maputo aliyoyarusha Tateno, kaskazini mashariki mwa Tokyo. Alichapisha matokeo kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa yote waelewane, ili dunia nzima iyasome, na dunia karibu yote ikayapita. Namheshimu sana mzee yule.

Tuseme upepo una wastani wa kilomita 150 kwa saa njia nzima. Ukienda Tokyo unakusukuma: unapata mwendo wa 1,050, saa mbili na dakika 46. Ukirudi unakukabili: 750, saa tatu na dakika 52. Hapo sijaweka kupanda, kushuka, wala foleni ya kutua. Ndiyo maana wakati wa baridi safari huchukua kama saa nne kwenda na saa tano hivi kurudi. Kiangazi mkondo hulegea na kusogea kaskazini, tofauti ikapungua.

Wakati wa kurudi naweza kuipitisha ndege kusini zaidi, au chini ya mkondo. Huko chini hewa ni nzito na injini hula mafuta zaidi, lakini upepo ukiwa mkali sana bado inalipa. Njia iliyoongezeka kilomita huweza kufika mapema kuliko ile iliyonyooka.

Tiketi nayo huficha haya yote, kwa sababu saa zake ni za kila mji, na Tokyo iko mbele kwa saa moja. Ukiondoka Hong Kong saa tatu asubuhi ukatua Tokyo saa nane mchana, utahesabu saa tano, umeruka nne. Ukiondoka Tokyo saa nne asubuhi ukatua saa nane mchana, utahesabu nne, umeruka tano. Kwa hiyo usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua, tafuta palipoandikwa muda wa safari. Na kama ni Januari, unatoka Tokyo na una ndege ya kuunganisha Hong Kong, usichukue ile inayokuachia nafasi ya saa moja tu.