Katuni ya Zamani Haipigwi Laminesheni

Nimeletewa tena. Safari hii ni toleo la Sani, gazeti letu la katuni, la miaka ya 1980, lililong'olewa pini, likagawanywa ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa ukapitishwa kwenye mashine ya laminesheni katika duka moja la fotokopi hapa mjini, kisha kurasa zote zikatobolewa na kuunganishwa upya kwa ringi za plastiki. Aliyenikabidhi ni kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Maalim, hili nimeshalihifadhi, halifi tena." Sikumjibu vibaya. Nilimkaribisha kahawa, na maneno niliyoyameza pamoja na kahawa hiyo ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu imani kwamba karatasi ikitiwa ndani ya plastiki ya moto imekwisha kuhifadhiwa inamaliza katuni za Unguja na Pemba mbele ya macho yetu, na wanaozimaliza ni wale wale wanaozipenda.

Chanzo cha imani hiyo nakielewa. Tumekulia katika nyumba ambamo cheti cha kuzaliwa na cheti cha skuli vimepigwa laminesheni, vikawekwa chini ya godoro au ndani ya mkoba wa mama, na vikatoka salama kila vilipotakiwa. Lakini kazi ya cheti ni kuonyesha jina, tarehe na muhuri, na kikipotea kuna daftari ofisini la kutolea kingine. Gazeti la katuni halina daftari. Thamani yake imo katika kitu chenyewe: karatasi ile ile, wino ule ule, pini zile zile, tangazo la sabuni lililo nyuma yake, na hata jina la mwenyewe wa kwanza aliloliandika kwa kalamu ya risasi juu ya jalada.

Kuhusu karatasi nitakwenda haraka, kwani jambo hili limo katika kila kitabu cha fani. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani ya mbao mna lignini, ambayo ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka rangi ikawa ya manjano, kisha ya kahawia. Karatasi hiyo ina asidi pia, na asidi hukata nyuzi kidogo kidogo mpaka ukurasa ukikunjwa unavunjika badala ya kupinda. Ndiyo maana mswada wa Kiarabu ulioandikwa kwenye karatasi ya matambara unaweza kupita miaka mia moja na bado ukafunguka vizuri, ilhali gazeti la mwaka 1985 limekwisha kuanza kumwaga chengachenga mezani. Kinachoiua karatasi ya gazeti kimo ndani yake tangu siku ilipotoka kiwandani, na plastiki haikitoi.

Sasa tuitazame mashine. Mfuko wa laminesheni ni tabaka mbili za poliesta, na upande wa ndani wa kila tabaka umepakwa gundi inayoyeyuka kwa joto. Mashine huupasha moto mfuko huo kwa zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi, gundi ikayeyuka na kupenya katikati ya nyuzi za karatasi, na inapopoa imekwisha kuwa sehemu ya karatasi. Asidi inabaki humo humo na inaendelea na kazi yake. Baada ya miaka michache pembe za mfuko hufunguka kidogo, unyevu wa masika na hewa ya chumvi huingia na visipate pa kutokea, na koga huota mahali ambapo hakuna brashi inayoweza kufika. Ni kumfunika mgonjwa wa homa blanketi la nailoni na kumwambia amepona.

Ninapofika hapa, huwa najibiwa neno moja, tena kwa ushindi: "Mbona Wamarekani wenyewe wanazitia katuni zao ndani ya plastiki?" Msemaji amemwona mtu kwenye YouTube akishika kasha gumu linalong'ara, amesikia kwamba nakala ya Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile iliyomleta Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster kwa bei ya senti 10, iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6, akayafunga mambo hayo mawili pamoja na kuelekea duka la fotokopi. Naomba nisikilizwe kwa utulivu. Kasha lile ni la kampuni zinazopima hali ya katuni, na maarufu zaidi ni CGC, iliyoanza kazi mwaka 2000 na inayotumia mizani ya kuanzia 0.5 hadi 10. Katuni iliyomo ndani haikubandikwa na chochote wala haikupitishwa kwenye joto lolote. Imelazwa ndani ya mfuko laini, mfuko ukafungiwa ndani ya kasha, na mwenyewe akichoka kuitazama kupitia kioo cha plastiki anaweza kulivunja kasha na kuitoa katuni ikiwa vile vile ilivyoingia. Mimi binafsi makasha hayo siyapendi, kwa sababu katuni isiyofunguliwa imegeuzwa hisa ya benki, lakini siwezi kuyasingizia kosa ambalo hayakulifanya.

Tena hata hiyo "plastiki" wanayoitaja haiko ya aina moja. Mfuko wa poliesta safi, ulio wazi upande mmoja, haudhuru karatasi. Mfuko wa PVC, ule unaonuka kama pazia jipya la bafuni, hutoa vilainishi vyake polepole, ukanata na kuung'oa wino wa jalada. Nyuma ya katuni huwekwa kadibodi isiyo na asidi, nyingine ikiwa imetiwa kalisiamu kaboneti ili kupambana na asidi inayotoka katika gazeti lenyewe, na si kadibodi ya boksi la biskuti, ambayo inaongeza tatizo. Katika vifaa vyote hivyo swali ninalolitanguliza ni moja: kesho nikitaka kuitoa katuni yangu, itatoka? Kwa mfuko wa poliesta jibu ni ndiyo. Kwa laminesheni jibu ni hapana, na hapo mazungumzo yangepaswa kwisha, lakini hayaishi. Kuhusu zile dola milioni 6, nakala yenye kipande cha seloteipu tu hushushwa daraja, na iliyopigwa laminesheni hakuna mkusanyaji makini atakayejisumbua kuipima. Wala Sani yako haitafika huko hata ikiwa safi namna gani. Soko lake ni sisi wachache tunaojuana, na tunajuana mifuko pia.

Kwa haki yao, wenye maduka ya fotokopi hawakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, William Barrow alibuni njia ya kuzibana nyaraka kati ya tabaka za selulosi asetati, aina ya plastiki, kwa joto na mgandamizo, na hifadhi nyingi za nyaraka zikaifuata kwa miongo kadhaa. Barrow alikuwa mtu makini, kwani baadaye alitambua kwamba asidi lazima iondolewe kwanza, jambo ambalo hakuna duka la fotokopi linalolifanya. Hata hivyo asetati ile ilianza kusinyaa, kugeuka manjano na kunuka siki, na wahifadhi wa leo wanakaa na asetoni, dawa ya kuyeyushia, wakiiyeyusha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Laminesheni ya dukani ni ngumu zaidi kuiondoa, na wino wa gazeti mara nyingi hukubali kuyeyuka kabla ya gundi.

Kemia ningeweza kuivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba laminesheni inatuziba macho tusimwone mchoraji. Chukua ukurasa wa Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mwaka 1986 akiwa amekwisha kuacha alama yake katika Sani, uupeleke dirishani mwanga ukiujia kwa ubavu. Utaona mahali mstari uliponenepa na uliposinyaa, wino ulivyokolea katika weusi wa nguo na ulivyopauka pale mtambo ulipokosa nguvu, na utaanza kutenganisha udhaifu wa kiwanda na uamuzi wa mkono. Ukurasa huo huo ukiwa ndani ya laminesheni unakuonyesha taa ya dari na uso wako mwenyewe. Hasara inakuwa kubwa mara kumi panapohusika michoro ya asili, yaani karatasi aliyoichora msanii kabla ya kupelekwa kiwandani, kwa sababu juu yake mna kalamu ya buluu hafifu ambayo kamera ya kiwandani ilikuwa haiisomi, mna rangi nyeupe ya kufutia kosa, na mna vipande vya karatasi vilivyobandikwa ili kusahihisha uso au mkono. Vyote hivyo ni fikra za mchoraji zikiwa bado mbichi. Nimeshaletewa mchoro wa namna hiyo ukiwa umepitishwa kwenye mashine, vipande vimehama na rangi nyeupe imepasuka, na aliyeuleta akitaka nimpangie bei.

Wasiokusanya hudhani kwamba tunapapasa karatasi kwa uchu wa vitu vikuukuu. Carl Barks, aliyembuni bata tajiri Scrooge McDuck mwaka 1947, alichora kwa miaka mingi bila jina lake kutajwa, kwani majarida yote yalibeba jina la Walt Disney. Wasomaji walimtambua kwa mstari wake. Walilinganisha nakala kwa nakala wakaona kwamba baadhi ya hadithi zimetoka katika mkono mmoja ulio bora kuliko mingine, wakamwita "mchoraji mzuri wa bata" kabla ya kumfahamu, na ilipofika karibu mwaka 1960 wakampata. Wachoraji wetu wengi wa magazeti bado wanasubiri kazi ya namna hiyo ifanywe, nayo itafanywa na nani ikiwa kurasa zote zimegandishwa na gundi?

Halafu kuna wale wanaokata. Hawa hupenda kibonzo tu, kwa hiyo hukichomoa Chakubanga wa Christian Gregory kutoka gazeti la Uhuru, au Juha Kalulu wa Edward Gitau kutoka Taifa Leo, wakakipiga laminesheni na kulitumia gazeti lililobaki kufungia samaki. Kibonzo kisicho na tarehe ni nusu ya kibonzo. Ikiwa Chakubanga anamkejeli kiongozi, nahitaji kujua kama ni kabla au baada ya tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, kwa maana kejeli ile ile ina uzito mwingine. Hata katika kazi maarufu kabisa jambo hili lina maana. Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, alianza kumchora Tintin, kijana mwandishi wa habari, tarehe 10 Januari 1929 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, na katika hadithi ya Kongo ya mwaka 1930 na 1931 alimwonyesha Tintin akiwafundisha watoto wa Kikongo kuhusu Ubelgiji kama nchi yao. Hadithi ilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo lilikuwa limegeuzwa kuwa la hesabu. Mtu aliye na toleo la rangi peke yake anaweza kuusifu ule mstari safi usio na vivuli, na ana haki ya kuusifu, lakini hajui kilichofutwa chini yake.

Watauliza sasa nafanyaje mwenyewe. Poliesta, kadibodi safi, katuni zimelazwa badala ya kusimamishwa, kabati liko mbali na ukuta wa nje, kwa kuwa kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa zinapotaka. Vitabu vinaagiza unyevu wa asilimia 50 au chini ya hapo, na vimeandikwa na watu wenye umeme usiokatika. Sisi wa Unguja tulikaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hiyo mpango wowote unaotegemea mashine ya kukausha hewa naushuku tangu mwanzo. Ninalolenga ni kubaki chini ya asilimia 65, mahali ambapo koga bado inapata tabu kuanza, na katika masika kuna siku nashindwa hata hapo.

Kuna mambo ambayo sina uhakika nayo, na ni vyema niyaseme. Sanduku la bati linalofungwa vizuri, lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, linazuia mende na mchwa, lakini vifuko visipokaushwa kwa wakati sanduku hilo hilo huwa chumba cha koga. Wenzangu wa Wete, Pemba, huapa kwa kabati lenye matundu, na kila mwaka wa mvua nyingi huwa nakaribia kukubaliana nao. Karafuu walizokuwa wakiweka bibi zetu katika masanduku ya nguo zinanukia vizuri, ila mafuta yake hutia doa karatasini, na sijaridhika kwamba mende wa mtaa wetu wa Mkunazini wanaziogopa. Dawa ya kupuliza ya kuondoa asidi nimeitumia kwa nakala chache tu, kwa kuwa ni ghali kuiagiza, na nashuku kwamba katika joto letu faida yake ni ndogo kuliko tunavyoahidiwa.

Kwa nakala zilizokwisha kupigwa laminesheni, tafadhali msizibandue. Pasi, mashine ya kukaushia nywele, petroli na mafuta ya taa havisaidii, na nimeona matokeo ya vyote vinne. Zilazeni gizani, zipigeni picha vizuri wakati rangi bado ipo, na kama pini na majalada yalitupwa pembeni ya duka, nendeni mkaulize leo. Mimi huzipokea kwa ajili ya kusoma tu, na bei yake ni ya karatasi ya kusoma, hata mwenyewe akiniambia kwamba laminesheni ilimgharimu zaidi ya gazeti.