Acheni kuiogopa ziada kwenye biashara za jamii

Nimeisikia tena kikaoni: "Hii ni mali ya jamii, haitakiwi kupata faida." Wanaosema hivyo huwa na nia njema, na ndiyo maana inaniudhi, kwa sababu hakuna anayethubutu kuwapinga.

Waanzilishi 28 wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao mwaka 1844 kwa mtaji wa pauni 28. Hawakuuza unga na siagi kwa bei ya hasara. Ziada, yaani kilichobaki baada ya gharama, ilirudishwa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Hisa zililipwa riba yenye kikomo, na kura ikabaki moja kwa kila mtu. La kuulizana ni hilo: nani anaamua, na pesa inaelekea wapi. Usajili, kodi na ukaguzi ni kazi ya biashara yoyote, havitofautishi biashara ya jamii na nyingine.

Sasa fungua daftari la mradi wa maji wa jamii. Ada zimeingia, mhudumu kalipwa, umeme umelipwa, salio ni sifuri, wajumbe wanapiga makofi. Uchakavu wa pampu uko wapi? Haumo. Pampu ya kudumu miaka kumi imekwisha sehemu moja ya kumi mwaka huu, na hakuna senti iliyowekwa kando. Sifuri hiyo ni hasara! Siku pampu itakapokufa, kamati itarudi kwa mfadhili, naye ndiye atakayepanga lini na kwa masharti gani. Jamii itakuwa na mradi kwa jina tu.

Naunga mkono pia sheria zinazozuia mali ya biashara hizi isigawanywe kwa watu binafsi, kama ilivyo kwa kampuni za maslahi ya jamii Uingereza tangu 2005. Lakini chini ya sheria hizo wenye mitaji husita kuingia, na mwanachama aliyetumika miaka mingi huondoka mikono mitupu. Hapo bado nasitasita, na sijaona fomula inayoniridhisha.

Umiliki wa pamoja peke yake hauokoi. Fagor, ushirika wa vifaa vya nyumbani wa Mondragon, kundi la vyama vya ushirika huko Hispania, ulifilisika mwaka 2013. Wanachama wake wengi walipokelewa na vyama vingine vya kundi hilo, na mifuko ya pamoja iliyojengwa kwa michango ya miaka mingi ilisaidia kubeba mzigo.

Kwenye mkutano mkuu ujao, ulizeni ni asilimia ngapi ya ziada inaingia akiba kabla ya gawio. Mweka hazina akikosa jibu, msipitishe hesabu.