Noti inayochelewa mahali palepale

Vijana wengi wanaokuja kurekodi kwangu hapa Kisumu huingia na wimbo wa mtu mwingine kwenye simu. "Prodyuza, nataka nisikike hivi." Mara nyingi ni msanii wa Lagos au Nairobi, na biti yenyewe imeshapakuliwa. Siwakatazi. Lakini kabla ya kuifungua hiyo biti huwa naomba kitu kimoja: piga chochote, au imba chochote, bila mdundo wa kukuongoza, nami nirekodi. Hapo ndipo ninapojua nina kazi na nani.

Watu huzungumzia hisia katika sanaa kana kwamba ni upepo unaomvumia aliyebahatika. Mimi ninayeshinda nikitazama mawimbi ya sauti kwenye skrini naiona kwa njia ya kawaida zaidi. Hisia ni kumbukumbu iliyokaa mikononi, kooni na masikioni kwa muda mrefu hadi mwenyewe amesahau alikoitoa. Ndiyo maana inastahili kuaminiwa, na ndiyo maana pia inaweza kupimwa.

Kupima kwenyewe ni hivi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa kila pigo. Ligawe pigo hilo mara nne, unapata vipande vya milisekunde 125. Programu ya kurekodi huvichora kama mistari iliyosimama, na ina kitufe cha kuvuta kila noti hadi ikae juu ya mstari wake. Prodyuza mwenye haraka hukibonyeza hata kabla hajasikiliza.

Kuna kijana wa gitaa, mtu wa Seme, aliyenipigia solo nikaona noti ya nne ya kila mzunguko inatua nyuma ya mstari, kama milisekunde 25 hivi. "Hiyo nimechelewa, isogeze," akasema. Nikamwambia asubiri. Nikaikuza picha, tukapitia mzunguko baada ya mzunguko: noti ileile, mahali palepale, kiasi karibu kilekile. Kulikuwa na noti nyingine zilizoyumba, hii mbele, ile nyuma, bila mpango wowote. Hizo zilikuwa makosa na tulizirekebisha. Kisha nikaisogeza ile ya nne kwa majaribio, ili asikie tofauti. Solo nzima ikalala. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Irudishe."

Kosa huhama. Tabia ya mkono hurudi. Jambo linalojirudia bila wewe kulipanga, liache kwanza, hata kama aliyekufundisha angelipiga mstari mwekundu.

Nilipomuuliza alikoitoa ile noti, hakuwa na jibu. Baadaye tukizungumza akataja jaduong', yaani mzee, mmoja wa kijijini kwao aliyekuwa akipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, matangani. Basi, nikaelewa. Nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji mmoja hubeba bendi nzima: vidole kwenye nyuzi, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma ya oduong' kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga chombo chenyewe. Ukisikiliza kwa makini, mguu na vidole havitui pamoja kila mara. Kuna mvutano mdogo kati yao, na mvutano huo ndio unaomwinua mtu kitini. Kijana alikuwa ameubeba tangu utotoni bila kujua.

Benga yenyewe, muziki wetu wa gitaa, ilipata sura yake kwa njia hiyo. Wapiga gitaa wa upande huu wa ziwa walichukua gitaa la kigeni wakalidonoa noti mojamoja, kama nyuzi za nyatiti zinavyodonolewa. D. O. Misiani, aliyezaliwa upande wa Shirati, Tanzania, mwaka 1940, alijenga jina lake na bendi yake ya Shirati Jazz juu ya udonoaji huo. Kwa Waluhya, George Mukabi akawa na omutibo wake, mtindo wa kupiga gitaa, na kundi la Abana ba Nasery wa Bunyore wakaifanya chupa ya Fanta yenye mifereji kuwa ala ya mdundo. Naipenda sana chupa hiyo. Ilikuwa karibu, sikio likaikubali, nao wakaliamini sikio. Leo ukiisikia ikikwaruzwa, unajua ni akina nani kabla hawajaimba.

Lakini hisia hula inacholishwa. Aliyesikiliza msanii mmoja tu miaka yote, mkono wake utamletea msanii huyo na yeye atadhani ni sauti yake. Kwa hiyo nawapa wanafunzi wangu kazi ya kusikiliza kwa mapana, hasa vya nyumbani: ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, nyimbo za kanisani, ngoma za matanga, hata minada ya sokoni. Halafu waache vikae. Usiige kesho yake.

Kwa waimbaji, angalieni lafudhi. Dada wa Vihiga anayezungumza nami vizuri kabisa, akisimama mbele ya maikrofoni anaanza kukunja ulimi kama mtu wa Atlanta. Humwomba aniambie maneno ya wimbo kama anavyomwambia mamake, kisha aimbe hivyohivyo. Kunakuwa na aibu kidogo, halafu sauti inafunguka.

Si kila kitu ni cha hisia. Gitaa lisilo na tyuni halina utetezi, na umbali wa mdomo na maikrofoni ni suala la fizikia.

Ila kabla ya kuondoka studio, yangu au ya mwingine, omba faili ghafi za siku hiyo, zile ambazo hazijaguswa, uzihifadhi kwenye flashi. Zisikilize baada ya wiki chache, sikio likiwa limepoa, ukiandika kila mahali unapojisikia ukifanya jambo lilelile. Njoo na karatasi hiyo tukirudi kurekodi.